Nianzie wapi kuwafundisha watoto wa awali mambo ya jamii?

SWALI

Mimi ni mwalimu wa darasa la awali katika shule ya msingi ya serikali wilayani Mvomero, mkoani Morogoro. Nina watoto 54 wa miaka mitano na sita. Nimekuwa nikifundisha familia, shule na nchi yetu kwa kuandika sentensi ubaoni, nao hukariri vizuri: "Familia ni baba, mama na watoto." Lakini nikimwuliza mtoto mmoja mmoja kwao anaishi na nani, ananirudishia sentensi hiyo hiyo, hata yule ninayejua kwamba analelewa na bibi yake. Mwalimu mkuu naye anataka siku ya mahafali wataje mikoa yote mbele ya wazazi. Naomba unielekeze nianzie wapi, ramani niifundishe namna gani, na nitapimaje kama wameelewa.

JIBU

Mwalimu mwenzangu, mtoto huyo anayelelewa na bibi yake ndiye wa kuanza naye. Hakukudanganya, wala si mzito wa kuelewa. Amejifunza kwamba mwalimu akiuliza habari za familia hutakiwa ile sentensi ya ubaoni, na kwamba mambo ya kwao hayasemwi darasani. Jambo hili ni zito, kwa kuwa mtoto anayeanza shule kwa kuficha anachokijua atakuwa na shida ya kusema ukweli wa anachokiona katika masomo yote yajayo.

Kwanza tuweke wazi unachodaiwa. Katika elimu ya awali hakuna somo liitwalo Maarifa ya Jamii. Mtaala wa mwaka 2016 ulioandaliwa na Taasisi ya Elimu Tanzania uliyapanga mafunzo ya awali kwa umahiri, kama vile kuhusiana, kuwasiliana, kutunza afya na kutunza mazingira, na mambo ya jamii yalikuwa humo humo. Utaona kwamba majina yote hayo ni vitenzi. Kinachotazamwa ni kile mtoto anachoweza kutenda na kueleza, kwa hiyo sentensi za ubaoni unaweza kuziacha bila hofu ya kukiuka mwongozo wowote.

Kwa somo la familia, futa ubao na uchukue kokoto. Mpe kila mtoto chaki achore duara sakafuni, kisha umwombe aweke kokoto moja kwa kila mtu aliyelala nyumbani kwao jana usiku, yeye mwenyewe akiwemo. Usitaje baba wala mama. Wakimaliza, pita kwa kila mmoja umwulize: huyu ni nani, na wewe unamwitaje? Nilipokuwa nikisimamia wanachuo katika mazoezi ya kufundisha, nilimwona msichana mmoja akipanga kokoto saba ndani ya duara, akatulia, kisha akachukua ya nane na kuiweka juu kabisa ya mstari wa chaki. Mwanachuo alipomwuliza mbona hiyo haiko ndani, mtoto akasema, "Huyu mama, yuko Dar es Salaam, anakuja Idi." Aliyesema hivyo alikuwa na miaka mitano, na alikwisha kuelewa kwamba familia na watu wa nyumba moja ni vitu viwili tofauti, tena bila mtu yeyote kumfundisha. Kazi ya mwalimu hapo ni kumsikiliza, kisha kumpa neno analolihitaji.

Maneno hayo Kiswahili kinayo ya kutosha, na hapo ndipo penye utajiri wa somo lako. Mtoto wa mkoa wako ana baba mkubwa na baba mdogo, mama mkubwa na mama mdogo, shangazi, mjomba, bibi na babu, na kila jina limebeba heshima na wajibu wake. Kwa Waluguru ukoo hufuatwa upande wa mama, na mjomba ana sauti kubwa katika mambo ya watoto wa dada yake. Kumwambia mtoto wa Kiluguru kwamba familia ni baba, mama na watoto ni kumwondoa mjomba katika nyumba ambayo mtoto anamwona akiheshimiwa. Waulize: nani kwenu anaamkiwa shikamoo, na anaitikia nani? Mtoto atakayekwambia kwamba mama mdogo wake ana umri sawa na dada yake lakini bado anaamkiwa shikamoo amekwisha kukueleza mpangilio wa ukoo wao. Yule aliyefiwa, au ambaye baba yake hajulikani, usimlazimishe kueleza; kokoto alizoweka zinatosha.

Baada ya nyumba, njoo darasani, kwani darasa ndiyo jamii ya kwanza ambayo mtoto hakuzaliwa ndani yake. Gawa kazi zenye zamu za kweli: wa kugawa vikombe vya uji, wa kumwagilia mche, wa kukunja mkeka. Kanuni za darasa zitungeni pamoja na zisizidi tatu, kila moja iwe imetokana na jambo lililotokea, kama siku watoto wawili walipogombania kikombe kimoja.

Ndipo utoke nje, na hapo uende taratibu, kwa sababu ramani ndiyo sehemu inayoharibiwa zaidi na haraka. Usianze na ramani ya ukutani. Siku ya kwanza watembeze kutoka darasani hadi langoni, kisha hadi bombani au dukani, na kabla ya kila kona waulize watakutana na nini mbele. Mkirudi, fagieni sehemu ya uwanja, chora njia kwa kijiti, kisha wape maboksi ya viberiti yawe nyumba, vizibo vya soda viwe maduka na tawi liwe mwembe. Waache wabishane. Katika darasa moja kijana aliweka bomba la maji mbele ya duka, wenzake wakakataa, na mwalimu badala ya kuwaamulia akawarudisha wote njiani wakaangalie. Waliporudi, bomba lilihamishwa na mikono sita kwa pamoja. Wakati huo huo wanajifunza kando ya, kati ya, mbele ya na nyuma ya, ambayo ndiyo maneno ya kwanza ya jiografia. Kulia na kushoto kutawachelewesha. Wakumbushe kwamba mkono wa kulia unaitwa hivyo kwa kuwa ndio wa kulia chakula, na unapowaonyesha geuka uelekee upande wanaoelekea wao, maana ukisimama ukiwatazama, kulia kwako ni kushoto kwao.

Sasa suala la mikoa. Mwaka 1951, mwanasaikolojia wa Uswisi Jean Piaget na mwenzake Anne-Marie Weil walichapisha matokeo ya mazungumzo yao na watoto wa Geneva. Watoto wadogo waliweza kutamka kwamba Geneva iko Uswisi, lakini walipotakiwa kuonyesha hivyo kwa duara, walichora duara mbili zilizokaa kando kwa kando. Na wapo waliokataa kwamba wao ni Waswisi, kwa hoja kwamba wao ni watu wa Geneva. Mtoto wako wa miaka mitano yuko hapo hapo. Anaweza kuimba mikoa yote 31 bila kosa, na bado asijue kwamba akiwa Mvomero yuko Morogoro na pia yuko Tanzania. Wimbo wenyewe hauna ubaya kama wimbo. Ubaya ni kuuhesabu kuwa ni elimu na kuutolea muda wa miezi miwili. Unaweza kumwendea mwalimu mkuu na pendekezo: siku ya mahafali watoto watandaze ramani yao ya kijiji mbele ya wazazi, na kila mmoja aonyeshe kwa kidole njia anayopita kutoka kwao hadi shuleni. Mzazi atakayeona boksi la kiberiti likiitwa nyumba yake hatauliza mikoa imekwenda wapi.

Habari za wakati zisikuchukulie muda mwingi; jana, leo na kesho zitajengeka zenyewe ukiwauliza kila asubuhi jana tulifanya nini.

Kuhusu wingi wao, kiwango kinachoelekezwa kwa darasa la awali ni watoto 25 kwa mwalimu mmoja, kwa hiyo unabeba zaidi ya mara mbili ya mzigo wako, na hilo linastahili kusemwa waziwazi kwenye vikao vya shule. Kwa sasa wagawe katika makundi manne na uyaweke kwenye kona za ujifunzaji, ili kundi moja tu liwe na wewe kwenye kokoto au ramani huku mengine yakichora, yakifinyanga udongo au yakiigiza dukani na nyumbani. Kona ya kuigiza usiione kama ya kupotezea muda; hapo utasikia nani anaamua mambo kwao na wageni hupokelewaje.

Kupima hakuhitaji mtihani. Weka daftari lenye ukurasa wa kila mtoto, na kila siku chagua watoto watano wa kuwatazama kwa makini. Ndani ya siku 11 za masomo utakuwa umewapitia wote 54, kisha unaanza upya. Andika alichokifanya na alichokisema kwa maneno yake, pamoja na tarehe. Kwa mfano: "Ameweka kokoto nne, bibi ndiye wa kwanza. Amesema mjomba ndiye analipa sare za shule. Kwenye ramani ameweka nyumba yao ng'ambo ya mto, lakini hajaweka daraja." Ukimrudia baada ya wiki mbili na kukuta daraja lipo, na akakueleza kwa nini analihitaji, hiyo ndiyo alama yake.