Nyumba ya Athens: joto la Julai, ukungu wa ukutani Januari

Naishi Kypseli, mtaa wa Athens, ghorofa ya tatu, sebule inatazama magharibi. Nafunga pazia zito mchana kutwa, lakini jioni chumba ni tanuri, na saa sita usiku ukuta bado una moto. Nifanyeje? – Mama wa watoto wawili

Pazia liko upande usiofaa, mama. Jua likishapita kioo, joto limeshaingia. Pazia linapata moto na kuumwaga chumbani. Lizuie nje. Majengo mengi ya Athens yana luva za kukunja zinazoshushwa kwa mkanda, au turubai la baraza. Zishushe saa saba mchana, kabla jua halijageukia upande wako, na uache mianya myembamba kati ya vibao. Kama luva imekwama, angalia mkanda kwanza. Ndio unaokatika mara nyingi, na hubadilishwa bila kugusa dirisha. Pima upana wa ule wa zamani kabla ya kununua.

Magharibi kuna shida ambayo aliyezoea jua la Dar es Salaam, linalopita karibu na utosi, huenda asiitarajie. Athens, adhuhuri ya Juni, jua hupanda nyuzi 75 upande wa kusini. Desemba halifiki 30. Kibaraza cha mita moja juu ya dirisha la kusini hutia kivuli dirisha zima Juni, na Desemba hufunika nusu mita tu ya juu, jua la kukupasha joto likaingia. Ni mpango mzuri sana, ila magharibi haufanyi kazi: jua la jioni huja chini na kupenya chini ya kibaraza chochote. Huko kinachosaidia ni kinga ya wima, yaani luva, au turubai linaloshuka hadi kwenye ukingo wa baraza.

Ukuta wako una moto usiku kwa sababu zege na matofali hukusanya joto mchana na kulitoa polepole. Weka kipimajoto kimoja ndani na kingine barazani, kivulini. Nje kukipoa kuliko ndani, fungua madirisha ya pande mbili hewa ivuke nyumba nzima. Asubuhi, kabla nje hakujawa na joto kuliko ndani, funga yote. Kufungua dirisha saa nane mchana "ili hewa iingie" ni kuingiza nyuzi 38 chumbani. Siku za wimbi la joto usiku wenyewe haupoi. Hapo washa kiyoyozi kwenye 26 au 27 pamoja na pangaboi. Ndani kukizidi nyuzi 35, pangaboi peke yake halimtoshi mtoto mchanga wala mzee.

Nyuma ya kabati, kwenye kona ya kaskazini, kuna ukungu mweusi. Nausugua kwa klorini, unarudi. Natumia hita ya gesi ya mtungi. – Msomaji, Piraeus

Unaua ukungu na kuuachia maji yake, kaka. Ugiriki ilipata kanuni yake ya kwanza ya kuhami majengo dhidi ya joto na baridi mwaka 1979. Jengo la kabla ya hapo kwa kawaida lina nguzo na mihimili ya zege isiyo na kinga, na hapo ndipo kwenye baridi kuliko kwingine kote. Hewa ya nyuzi 20 yenye unyevu wa asilimia 70 huanza kudondosha maji ikigusa kitu cha nyuzi 14, na ukungu huota hata kabla ya matone kuonekana.

Hita yako inachangia sana. Kila kilo ya gesi inayoungua hutoa zaidi ya lita moja na nusu ya maji, na kwa kuwa haina bomba la moshi, yote hubaki ndani. Inaweza pia kutoa kaboni monoksidi: acha hewa iingie inapowaka, na usilale ikiwaka. Jiko la mkaa ndani, hapana kabisa.

Sogeza kabati sentimita 10 kutoka ukutani. Asubuhi na baada ya kupika, fungua madirisha yanayotazamana kwa dakika 5 hadi 10, kisha funga. Dirisha moja lililoachwa wazi kidogo siku nzima hupoza ukuta tu. Anika nguo barazani. Nunua kipima unyevu, na ukiona kimepita asilimia 60, toa hewa. Unaposafisha, vaa glavu, lowanisha ukungu kwanza usipeperuke, na kamwe usichanganye klorini na siki wala amonia. Rangi ije ukuta ukishakauka. Doa likiwa la kahawia na likipanuka kila baada ya mvua, hilo ni bomba au paa linalovuja. Mwite mwenye nyumba.

Kiyoyozi changu kina alama ya jua. Nikipashia joto, bili itakuwaje? – Msomaji, Athens

Nafuu kuliko hita ya waya. Hita ya kilowati 2 hutoa joto la kilowati 2 basi. Kiyoyozi kizuri cha inveta, yaani kinachopunguza na kuongeza kasi chenyewe, kwa baridi ya Athens, hutoa joto la mara tatu hivi ya umeme kinaokula. Kiweke 20, elekeza vibao vyake chini maana hewa ya moto hupanda, na osha chujio kila mwezi. Kikisimama dakika chache huku kifaa chake cha nje kikifuka mvuke, kinayeyusha barafu yake. Usikizime.