Kubadili jina baada ya ndoa: niliishi na majina mawili miaka 9

Dada aliyeuliza ameolewa miezi minne iliyopita. Vyeti vyake vyote, tangu cha kuzaliwa hadi leseni ya kazi, vina jina la baba yake. Mume angependa achukue jina lake, mama mkwe ameshaanza kumwita hivyo, na miezi miwili ijayo ana safari ya kikazi nje ya nchi. Anauliza abadili au asibadili, na akibadili aanzie wapi.

Nimesoma waliosema "badili, ni heshima kwa mume" na waliosema "usibadili, hujanunuliwa". Mimi nitakujibu kwa upande wa makaratasi, maana huko ndiko nilikoumia. Kubadili jina hakukuniumiza. Nilichoumia nacho ni kubadili nusu.

Niliolewa nikiwa na miaka 27 na nilibadili kwa hiari yangu kabisa. Jina la mume wangu nalipenda mpaka leo. Wiki ya tatu baada ya harusi nilikwenda benki na cheti cha ndoa, wakabadilisha. Kazini nikaandika barua, orodha ya mishahara ikabadilika. Kitambulisho cha taifa kikafuata. Halafu nikapata ujauzito, kazi zikanibana, nikaishia hapo. Pasipoti ilikuwa haijaisha muda, nikaiacha na jina la baba. Mfuko wa pensheni sikuugusa, nikidhani mwajiri akibadili kwake basi na wao watajua. Leseni ya kazi ikabaki vilevile. Nikaishi hivyo miaka 9.

Mara ya kwanza kunitokea puani ilikuwa safari, ndiyo maana nimeshtuka kusoma kwamba nawe unasafiri. Ofisi ilinikatia tiketi kwa jina lililokuwa kwenye orodha ya mishahara, yaani la mume. Kwenye kaunta ya uwanja wa ndege binti akaipitisha pasipoti yangu kwenye mashine, akanitazama, akaipitisha tena. Fungua pasipoti yako ukurasa wenye picha: chini utaona mistari 2 ya herufi na vialama vinavyofanana na vichwa vya mishale, kila mstari una nafasi 44. Ule wa juu ndio unaobeba jina lako, na jina la ukoo hutangulia. Mashine inasoma hapo. Nilitoa nakala ya cheti cha ndoa, nikaeleza, msimamizi akaitwa, akasikiliza kwa makini, akasema hawezi kumpandisha abiria ambaye tiketi na pasipoti yake ni watu wawili. Nikabaki na sanduku langu pembeni nikiwaangalia wenzangu niliokuja nao wakiingia ndani.

Kwa hiyo jambo la kwanza nakuomba: pasipoti usiiguse kabla ya safari hii, na tiketi ikatwe kwa jina lililomo ndani yake, herufi kwa herufi. Kama unahitaji viza, iombe kwa jina hilohilo. Hata kama kazini umeshabadili, mweleze anayekata tiketi. Aulize pasipoti, asinakili kutoka kwenye orodha ya wafanyakazi.

Jambo jingine dogo lililonipa shida ni saini. Nilidhani jina jipya lazima liwe na saini mpya. Nikakaa jioni kadhaa nikijifunza kwenye daftari, nikaipeleka benki. Miezi michache baadaye nikajaza fomu ya kutoa fedha kwa haraka, mkono ukaanza kwa saini mpya ukamalizia kwa ile ya zamani, fomu ikarudishwa. Saini si lazima ifuate jina. Kama saini yako ya sasa imezoeleka mkononi, uliza benki kama unaweza kuiacha ilivyo, ubadili jina tu.

Lakini lililonifanya nikae chini niandike haya yote ni mirathi ya baba.

Baba alifariki nikiwa na mwaka wa nane kwenye ndoa. Aliacha wosia aliouandika kwa mkono wake, na ndani yake kaorodhesha watoto wake kwa majina kamili. Langu lilikuwa la tatu kutoka juu, kwa wino wa bluu, herufi ya kwanza kaikoleza kama alivyozoea kufanya kwenye kila jina. Karani akaweka karatasi ile upande wake wa kushoto na kitambulisho changu kulia. Kidole kwenye jina hili, kidole kwenye lile. Akaniuliza, tena kwa upole tu, "Huyu wa kwenye wosia yuko wapi?" Nikamwambia ni mimi. Akasema, "Mama, mimi nakuamini, lakini karatasi hazisemi hivyo." Nilishindwa kuongea. Nilikuwa nimeketi mbele ya mwandiko wa baba yangu, na nilitakiwa nithibitishe kwamba mimi ni binti yake.

Kilichotakiwa hakikuwa kikubwa: cheti cha kuzaliwa, cheti cha ndoa chenyewe na si nakala, pamoja na kiapo mbele ya kamishna wa viapo kwamba mwenye jina hili na mwenye jina lile ni mtu mmoja. Tatizo ni kwamba cheti changu cha ndoa kilikuwa kimepotea tulipohama nyumba, ikabidi niombe kingine, na wadogo zangu wakasubiri haki yao kwa ajili yangu. Hawakuninung'unikia. Hilo ndilo lililonikaa rohoni zaidi kuliko kama wangenung'unika.

Sasa, abadili au asibadili? Watu husema kana kwamba dunia nzima inafanya jambo moja, na siyo. Japani sheria ya madai, kifungu cha 750, inawataka wanandoa wachukue jina moja la ukoo, la mume au la mke, na kwa vitendo karibu wote huchukua la mume. Mahakama yao ya juu iliithibitisha sheria hiyo mwaka 2015 na tena 2021. Quebec, kule Kanada, ni kinyume chake: tangu 1981 kila mwanandoa anabaki na jina la kuzaliwa katika mambo ya kisheria. Ugiriki nayo imeamua hivyo tangu 1983. Ethiopia mtu hufuatwa na jina la baba yake, na ndoa haina cha kubadili hapo. Waislamu wengi hubaki na jina la baba na husimamia aya ya 5 ya Suratul Ahzab, inayoamuru watoto wa kulea waitwe kwa baba zao waliowazaa. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1979 wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake, kwenye kifungu cha 16, unataja haki ya mume na mke sawasawa kuchagua jina la familia. Nakutajia haya ili usikubali kuambiwa kwamba mke mwema ni yule anayebadili, au kwamba mwanamke anayejitambua ni yule asiyebadili. Wapo wake wema na wanaojitambua pande zote mbili.

Kuna mwanamke mmoja wa Marekani, Lucy Stone, mpigania haki ya wanawake kupiga kura, ambaye namkumbuka kila nikifikiria lile dawati la karani. Aliolewa mwaka 1855 akabaki na jina lake. Mwaka 1879, jimbo la Massachusetts liliporuhusu wanawake kupiga kura za kamati za shule, alikwenda kujiandikisha, kisha akaondolewa kwenye daftari kwa sababu hakutumia jina la mume. Miaka yote ile ya kupigania kura, halafu jina likamzuia mlangoni. Mimi na yeye tulichagua tofauti, lakini daftari lilitufanyia jambo lilelile.

Kwa hali yako, nikisoma ulivyoeleza, nisingekimbilia. Leseni yako ya kazi ina jina la baba, vyeti vya shule vina jina la baba, na vya shule kwa kawaida havibadilishwi kwa sababu ya ndoa, maana vinashuhudia jina ulilofanyia mtihani. Maana yake hata ukibadili kila kitu, siku zote utakuwa na mafungu mawili ya karatasi na daraja moja kati yake, nalo ni cheti cha ndoa. Daraja hilo ulilinde kama roho yako. Chukua nakala kadhaa zilizothibitishwa, zihifadhi sehemu mbili tofauti. Na ujue kwamba katika nchi nyingi cheti cha ndoa hakibadilishi jina chenyewe. Kinakupa tu msingi wa kuomba. Kuna ofisi zitakazokubali cheti hicho peke yake, na kuna zitakazodai hati ya kubadili jina iliyosajiliwa serikalini. Uliza ofisi inayotoa kitambulisho cha taifa kabla ya zote, maana nyingine zote zitakurudisha huko.

Ukishaamua kubadili, baada ya safari, anza na kitambulisho, kisha pasipoti, na usianze na benki kama mimi. Nilianza na benki kwa sababu ilikuwa rahisi. Jina jipya likawa limeota juu kabla halijashika mizizi chini. Baada ya hizo mbili ndipo kodi, benki, mwajiri, bima, laini ya simu, hati za nyumba au ardhi kama unazo. Jiwekee muda, tuseme miezi sita, na usiishie katikati hata kazi zikikubana.

Pensheni nenda mwenyewe. Usimwachie mwajiri. Mimi nilikuta michango ya miaka imeingia kwa jina moja na ya miaka mingine kwa jina jingine, na bila namba ya uanachama niliyokuwa nimeiandika kwenye kidaftari sijui ningeanzia wapi. Tena kuna jambo ambalo karibu kila mtu husahau: fomu za mume wako. Kama kwenye bima na pensheni yake amekuandika mnufaika, jina aliloandika lazima lifanane na lililo kwenye kitambulisho chako. Mkae pamoja mpitie fomu zake na zako, kwa sababu siku zitakapohitajika mmoja wenu hatakuwepo kueleza.

Majina mawili kwa kistari, ambayo wengine wamekushauri, ni njia nzuri kwa moyo lakini ina usumbufu wake. Ile mistari ya chini ya pasipoti haina kistari, hukigeuza kuwa kialama cha kujazia nafasi, na fomu nyingi hukata jina refu. Ukiichagua, amua tangu mwanzo litakavyoandikwa, na liandikwe hivyo kila mahali.

Kama wewe ni mtu wa kuandika tafiti, una nafuu: namba ya ORCID, yaani namba ya kimataifa ya kumtambulisha mtafiti, yenye tarakimu 16, inabaki na wewe hata jina likibadilika, na kazi za zamani hazipotei.

Kuhusu mume, zungumza naye ukiwa na karatasi mkononi. Wangu nilipomrudishia habari ya uwanja wa ndege aliumia kuliko mimi. Alikuwa hajawahi kufikiria kwamba jina lake lingeweza kunifungia njia, kwani yeye hajawahi kupeleka hati hata moja kubadilishwa. Ndiye aliyekwenda kuomba cheti kipya cha ndoa. Mama mkwe aendelee kukuita anavyopenda. Jina la nyumbani halihitaji kitambulisho, na kuitwa hivyo kwa upendo hakukufungi kwa lolote.

Mimi mwishowe nilimalizia nilichokianza. Kila hati ninayoweza kubadili sasa ina jina la mume, na kwenye faili moja nimeweka cheti cha kuzaliwa, cheti cha ndoa, kile kiapo, na nakala ya ukurasa wa wosia wenye mwandiko wa baba.

Safari njema. Kabla hujaondoka, iandikie ofisi iliyokupa leseni uwaulize wanataka nini kwa anayebadili jina baada ya ndoa, na muda gani leseni husimama wakati wa kubadilisha. Wakikujibu, weka majibu yao hapa. Wapo wengi wa fani yako watakaoyahitaji.