Kuwapeleka watoto wadogo Boston Children's Museum: jibu kwa dada wa Lowell

Dada, umeuliza kama inafaa kutoka Lowell na mtoto wa mwaka mmoja na nusu pamoja na kaka yake wa miaka mitano hadi Boston Children's Museum, yaani makumbusho ya watoto ya Boston, au kama ni kulipa pesa ili watoto wakacheze tu, kama anavyosema mzee wa nyumba. Mimi huwapeleka wanangu kila baridi inapokaza, na kwa maoni yangu inafaa sana, mradi usijaribu kuzimaliza ghorofa zote kwa siku moja.

Makumbusho hayo yalianzishwa mwaka 1913 na walimu wa sayansi, lakini sifa yake ya leo inatokana hasa na Michael Spock, aliyekuwa mkurugenzi kuanzia mwaka 1962, ambaye alivitoa vitu kwenye makabati ya vioo akawaachia watoto wavishike, wavizungushe na kuvichungulia ndani. Kwa hiyo lile onyo letu la “usiguse, utavunja” liache nyumbani siku hiyo.

Kwa huyo wa miaka mitano, anzeni penye reli za mipira ya gofu, na mpe muda. Nilimwona binti yangu, alipokuwa na umri kama huo, akiuachia mpira kwenye reli yenye kitanzi. Ukapanda nusu yake, ukadondoka. Akaurudisha palepale, ukadondoka tena. Mkono uliniwasha kumwonyesha, lakini nilijizuia. Hatimaye akausogeza juu zaidi kwenye mteremko, mpira ukazunguka kitanzi chote, naye akanigeukia macho yamemtoka. Kanuni yenyewe hufundishwa sekondari: mpira lazima uanzie juu kuliko kilele cha kitanzi, tena kwa ziada ya kutosha, ili ufike pale ukiwa bado na kasi. Yeye aliipata kwa mikono yake kabla hajajua kusoma, na inanisikitisha kuona wazazi wakiwavuta watoto kutoka hapo ati wawahi mnara wa kukwea wa ghorofa tatu, ambao hauendi popote.

Mdogo ana chumba chake, PlaySpace, kilichotengwa kwa walio chini ya miaka mitatu, ambamo anaweza kutambaa na kusimama bila kukanyagwa na wakubwa. Ndiyo maana nakusihi uende na mtu mzima mwenzako, awe shangazi yao au jirani, kwa sababu watoto hao wawili watataka kuwa mahali tofauti kwa wakati mmoja. Beba pia nguo za kubadilisha kwa wote wawili, kwani penye mapovu ya sabuni mikono ya sweta hulowa hadi kwenye viwiko, na kutoka hivyo kwenye upepo wa bandarini mwezi wa Januari si jambo la mzaha.

Mkibakiwa na nguvu, ingieni kwenye nyumba ya Kijapani. Ni nyumba halisi ya Kyoto, mji wenye udugu na Boston tangu mwaka 1959, yenye umri wa zaidi ya miaka 100, iliyosafirishwa na kuunganishwa upya humo ndani. Viatu huvuliwa kabla ya kuingia, na watoto waliolelewa kwetu pwani huvua bila kuambiwa.

Kuhusu gharama, wenye kadi ya EBT, ile ya msaada wa chakula wa serikali, hulipa kiingilio kidogo sana, na utaratibu kama huo upo katika makumbusho zaidi ya 1,000 nchini Marekani, kwa hiyo usione haya kuionyesha. Kama huna kadi hiyo, iulize maktaba ya mji wenu kabla ya kununua tiketi, kwa kuwa maktaba nyingi za Massachusetts huwaazima wanachama pasi za makumbusho zinazopunguza bei; za siku za Jumamosi huisha mapema, basi iwekee nafasi mara tu utakapojua tarehe.