Oili nabadilisha kila mara, mbona gurudumu linatoa uji mweusi?

SWALI: Fundi, habari za kazi. Mwaka jana nilinunua kwa mtu pikapu ya Land Cruiser HZJ75 ya 1996, injini ya 1HZ. Iko shambani Kiteto, na masika navuka makorongo karibu kila wiki. Oili ya injini nabadilisha kila kilomita 5,000 bila kukosa. Sasa gurudumu la mbele kushoto linavuja uji mweusi kwa ndani. Fundi wa hapa anasema nifute tu niendelee. Je, kuna kitu nimesahau?

JIBU: Nzuri, ndugu yangu. Kufuta, utafuta kila siku. Huo uji ni grisi iliyochanganyika na oili ya difu, lile kasha la gia katikati ya ekseli. Nyuma ya gurudumu la mbele kuna tufe kubwa la chuma linaloliwezesha kukata kona, na ndani yake ekseli inazunguka kwenye grisi nzito. Kati ya tufe na difu kuna sili, yaani mpira wa kuzuia oili isipite. Ikichoka, oili hupenya na kuyeyusha grisi, beringi za juu na chini za tufe zinaanza kulika, na difu inapungukiwa oili kimyakimya. Usukani ukianza kutetemeka ukipita rasta za barabarani, ujue umechelewa.

Fungueni pande zote mbili, maana sili ya kulia ina umri uleule. Osheni, wekeni sili mpya na grisi mpya ya molibdeni, na beringi yenye alama za kulika isirudishwe.

Ila sili mpya nayo itakufa mapema kama kipumulio cha difu kimezibwa na tope. Ni kijitu kidogo juu ya ekseli, na mafundi wengi hawakigusi. Difu ikipata moto, hewa ya ndani hutanuka. Ikikosa pa kutokea, inasukuma oili kwenye sili. Ukiingia korongoni ikiwa bado ya moto, inapoa ghafla na kunyonya maji kupitia sili hizohizo. Gari likilala usiku, asubuhi legeza nati ya chini ya difu: yakitangulia maji, au oili ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, mwaga yote, mbele na nyuma. Mimi huunga bomba la mpira kwenye kipumulio na kuupandisha hadi chini ya boneti.

Ulichosahau ni mkanda wa taiming, ule unaozungusha valvu za injini ziende sawa na pistoni. Kwenye 1HZ hubadilishwa kila kilomita 100,000, na ukikatika valvu hugongana na pistoni. Taa ya T-BELT kwenye dashibodi usiitegemee, nimeshakuta balbu imechomolewa. Kilomita za gari la 1996 nazo, samahani, siziamini. Kama hukupewa risiti ya mkanda, hesabu kwamba haujabadilishwa.

Mengine ni madogo. Chujio la hewa lipulizwe kutoka ndani kwenda nje, kwa upepo mdogo. Rejeta itiwe kulanti (maji maalumu ya kupoza injini), maji ya kisima yenye chumvi hapana. Kama unanunua dizeli ya madumu, toa maji chini ya chujio lake mara kwa mara. Propela, ile shafti inayozungusha difu, ipigwe grisi kila baada ya kuzama majini.

Hela ikiwa ya kitu kimoja mwezi huu, nunua mkanda. Kipumulio kisafishe leo, ni bure. Sili zifuate, na mpaka hapo kagua oili ya difu kila wiki na korongo lenye maji usilivuke.