Ficha namba kwanza, waache waburute nukta

Mkuu, umeuliza utengeneze vipi kifaa cha kwenye skrini cha kufundishia korelesheni (jinsi vipimo viwili vinavyokwenda pamoja), ili wanafunzi waielewe badala ya kukariri fomula. Nimefundisha takwimu chuoni miaka kadhaa na kifaa hicho nimekitengeneza mara mbili, maana cha kwanza kiliniangusha.

Cha kwanza kilikuwa na kitelezi cha r, ile namba ya korelesheni inayoonyesha nukta zimekaribia mstari ulionyooka kiasi gani, kutoka -1 hadi 1. Unasogeza, nukta zinajipanga. Darasa lilifurahi kweli. Wiki iliyofuata nikachora nukta ubaoni bila namba yoyote, nikauliza r hapa ni kama ngapi. Kimya. Kumbe muda wote macho yao yalikuwa kwenye namba. Wengine walishaamini kabisa kwamba r ndiyo inayozipanga nukta.

Cha pili nilikigeuza. Nilitumia GeoGebra, programu ya hisabati; ni ya bure na ukishaipakua kwenye simu haili bando. Weka nukta 10 kwenye mstari, kuanzia (1,1) hadi (10,10), kila moja iburutike kwa kidole, na r uifiche. Mwanafunzi anaandika kisio lake daftarini kwanza, ndipo abonyeze kitufe cha kuifichua. Nawaambia washushe ile ya mwisho tu, kutoka (10,10) hadi (10,0). Wengi wanaandika 0.9, kwani si nukta tisa hazijaguswa? Inatoka 0.45. Hapo ndipo ubishi unaanza, na ubishi huo ndio somo lenyewe.

Halafu wapange nukta umbo la bakuli, pande mbili zikilingana. Uhusiano unaonekana waziwazi, lakini r ni 0. Kuna aliyezilaza zote mlalo akapata alama ya kuuliza, akadhani kaharibu simu. Hakuharibu kitu: y zote zikilingana, fomula ya r inagawanya kwa sifuri.

Mambo mawili yalinisumbua. Mihimili ya grafu ikijirekebisha yenyewe, nukta ikiburutwa mbali zile nyingine zinasongamana na jicho linadanganyika, kwa hiyo ifunge. Na nukta ziwe kubwa. Kidole si kipanya.

Mifano minne ya mwanatakwimu Anscombe ya mwaka 1973 (nukta 11 kila mmoja, r zote takriban 0.816, picha tofauti kabisa) mimi naiweka mwisho. Ukianza nayo wanaiona kama mazingaombwe. Wakishaharibu mstari kwa vidole vyao, wanakuonyesha wenyewe nukta iliyoharibu mchoro wa tatu.

Kitelezi sikukitupa. Siku hizi kinabadilisha kipimo: mhimili wa kilo unakuwa wa gramu, namba zote zinakua mara 1000. Nawauliza r itakuwa ngapi. Mpaka leo sijapata darasa ambalo wote wamesema haitasogea.