Kusomea ukutubi ili ufanye kazi shuleni: niliyopitia mimi

Mkuu, umeandika kwamba umemaliza kidato cha sita, unajitolea kufundisha Jiografia shule ya kata, na mkuu wa shule amekukabidhi funguo za maktaba "kwa sababu wewe ni kijana". Sasa unauliza ukasomee ukutubi, yaani kazi ya maktaba, au ualimu, na ndani ya hiyo kozi kuna nini. Huu ni mwaka wangu wa kumi na moja kwenye maktaba ya sekondari, kwa hiyo nitajibu kwa yaliyonikuta. Ni marefu, mnivumilie.

Nianze na njia. Chuo ambacho wengi tunakijua ni SLADS pale Bagamoyo, kipo tangu 1989 chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania. Wakubwa wetu wa fani waliotangulia walikuwa wanakwenda Makerere, ambako shule ya ukutubi ya Afrika Mashariki ilianza 1963. Siku hizi kuna vyuo vingine pia, na mimi nilisoma kimoja cha hivyo vingine. Sitakitaja maana huko mbele nitakilalamikia. Ngazi ni za NACTVET, baraza la serikali linalosimamia vyuo vya ufundi, kama kozi nyingine yoyote: ya nne ni cheti cha awali, inafuata ya tano, na ya sita ndiyo diploma. Ili uingie ngazi ya nne wanataka ufaulu wa masomo manne ya kidato cha nne, na ya dini hayahesabiwi. Mimi niliingia na D nne na C ya Kiswahili. Wewe mwenye kidato cha sita usikubali kuanzia chini kabla hujauliza kama matokeo yako yanakupandisha. Na kabla ya kulipa hata mia ya fomu, hakikisha chuo na kozi vyote viwili vimo kwenye kitabu cha mwongozo cha NACTVET. Chuo kinaweza kuwa kimesajiliwa, halafu kozi yenyewe haimo.

Utakachokuta darasani kitakushangaza kidogo. Sisi tulidhani tunaenda kusoma vitabu, tukakuta nusu ya muhula ni majalada: masijala, kumbukumbu, nyaraka, faili linafunguliwaje na linafungwa lini. Wenzangu walinuna. Msinune. Ofisi zenye masijala ni nyingi kuliko shule zenye maktaba, na kuna watu wa darasa letu wanaokula leo kwa sababu ya hilo somo walilokuwa wanalala. Stadi za mawasiliano na kompyuta za mwanzo zipo, zinapita. Huduma za rejea, yaani kumsaidia msomaji kupata jibu analolitafuta, ni somo zuri ukipata mwalimu mzuri.

Lakini somo linalokufanya uitwe mkutubi ni kuainisha na kuorodhesha. Hapo usikose hata kipindi kimoja.

Mtihani wetu wa vitendo ulikuwa hivi. Mezani kuna juzuu nne nene za Dewey, ule mfumo wa kuvipa vitabu namba kwa mada, pembeni vitabu kumi visivyo na namba. Una saa mbili. Wengi wanadhani kazi ni kuangalia jalada na kubahatisha. Hapana, unajiuliza kitabu hiki kinahusu nini hasa, halafu unashuka nacho tarakimu kwa tarakimu. Chukua riwaya ya Kiswahili: 800 ni fasihi, 896 ni fasihi za lugha za Kiafrika, 896.392 ni Kiswahili, unaongeza 3 ya riwaya na hadithi, unapata 896.3923. Ushairi ungemalizia na 1, tamthilia na 2. Sasa chukua kamusi ya Kiswahili: 400 ni lugha, 496.392 ni Kiswahili, unaongeza 3 ya kamusi, unapata 496.3923. Ziangalie tena hizo namba mbili. Zinatofautiana tarakimu moja tu, ile ya mwanzo.

Nawaeleza hili kwa sababu liliniumbua. Field yangu, yaani mafunzo kwa vitendo, ilikuwa wiki nane kwenye sekondari moja ambayo haikuwa na printa ya maana, basi lebo za migongoni niliandika kwa mkono, kalamu ya wino mzito. Nne yangu naiandika imefungwa juu. Wino ulipovuja kidogo kwenye karatasi, nne ikawa nane. Wiki ya pili akaja binti wa kidato cha pili kuomba kamusi. Nikaenda rafu ya lugha kwa mbwembwe za mwanachuo, hakuna hata moja. Nikamwambia zimeazimwa zote. Akanyoosha kidole, "Kaka, si zile pale?" Zilikuwa kumi na mbili, zimepangwa vizuri kabisa katikati ya riwaya. Mwanafunzi wa zamu alikuwa amerudisha kila kitu kwa kufuata lebo zangu, na hakukosea hata moja. Tangu siku hiyo nne yangu ina mdomo wazi, hata nikiandika namba ya simu.

Ndiyo maana nasema field usiende mahali ambapo utasaini mahudhurio na kuondoka saa nne. Nenda shule yenye fujo. Kazi inafundishwa na vitabu vilivyochanganyika.

Sasa lawama yangu. Chuoni kwetu tulifundishwa maktaba kana kwamba wasomaji wote ni watu wazima wanaojua wanachotaka. Kuhusu mtoto tuliambiwa kidogo mno. Nilipoajiriwa shule ya kwanza, maktaba ilikuwa sehemu ya adhabu: mchelewaji anatumwa "akakae maktaba". Ratiba haikuwa na kipindi cha maktaba hata kimoja. Na anayekuja kwa hiari yake hakuja na jina la mwandishi, alikuja na "kile cha kijani alichokuwa nacho Neema". Katalogi yangu ya kadi, niliyoikesha, haikuwa na kipengele cha rangi.

Ilinichukua mwaka mzima kukubali kwamba namba ndefu ni za kwangu mimi, si za mtoto. Nilichofanya wakutubi wenzangu watanicheka: vitabu vya kiada nilivitenga kabisa, vimepangwa kwa darasa na somo, vinahesabiwa kwa nakala. Vya ziada nikaviacha kwenye Dewey, ila hadithi nikazipanga kwa herufi ya kwanza ya jina la mwandishi, basi. Kitabu kinachopendwa nakigeuza uso utazame mbele, siyo mgongo. Uazimaji ulipanda bila mimi kuhubiri chochote.

Kitu kimoja ambacho chuo kilinipa na nakishukuru ni daftari la kupokelea vitabu. Kila kitabu kinaingia na namba yake, tarehe, mwandishi, jina, mchapishaji, mwaka, bei na kilikotoka. Linachosha. Lakini siku wathibiti ubora walipofika na kuuliza vitabu vya kiada mia mbili viko wapi, mkuu wa shule alinitazama mimi, na mimi nikafungua daftari. Mkuu, kama funguo unazo tayari, anza na hilo kesho asubuhi, hata kabla ya chuo. Usitupe kitabu hata kama mchwa wamekula nusu. Mali ya shule ina utaratibu wake wa kufutwa, na saini ya mwisho isiwe yako peke yako.

Programu ya kompyuta ya kuendeshea maktaba? Kuna Koha, ya bure, ilizaliwa New Zealand na kuanza kutumika mwaka 2000. Ijue, usaili wanaiuliza. Shuleni kwangu kompyuta ni moja na umeme una mambo yake, natumia Excel na daftari.

Ukutubi au ualimu, basi? Kama unapenda kusimama mbele ya darasa, kasome ualimu, maktaba utapewa tu, kama ulivyopewa sasa. Ukisoma ukutubi ujue shule binafsi nyingi zitakutaka uwe pia karani na mtu wa kudurufu mitihani, na nafasi za serikali zinapotoka kwenye Ajira Portal ni chache, mnaziendea wengi. Mimi nisingebadilisha, lakini mimi sipendi kelele.

Kabla hujajaza fomu, nenda maktaba ya mkoa, omba ukae nyuma ya kaunta wiki moja uone. Na ukipata chuo njoo PM, nitakupa daftari langu la mazoezi ya Dewey. Kurasa za 800 zimechanika, ila zinasomeka.