Fahamu peke yake haitoshi

Ndugu, umeuliza kama ukikubali kwamba uhalisia wa mwisho, yaani kile ambacho vyote vinakitegemea, una fahamu, basi umeshamkubali Mungu. Mimi naona bado. Umefika mlangoni tu.

Mtazame mtu anayesali. Anaomba, anashukuru, saa nyingine analalamika kabisa, na anategemea kuna anayemsikia. Sasa chukua Brahman, jina la uhalisia huo wa mwisho katika mapokeo ya Kihindu, kama alivyoielewa Shankara, mwanafalsafa wa India: fahamu tupu, isiyo na sifa wala mwenza. Kwa mtazamo huo, wewe kuwa kitu tofauti na fahamu hiyo ni kudhani tu. Utaiomba nini? Nani amwombe nani? Ramanuja, aliyekuja baadaye katika mapokeo yaleyale ya falsafa ya Kihindu yaitwayo Vedanta, alikataa katakata: kwake Brahman ana sifa, ana rehema, na anaabudiwa. Huyo hata mimi namwita Mungu bila kusita.

(Spinoza, mwanafalsafa wa Uholanzi, simgusi sana. Yeye alisema wazi kwamba anayempenda Mungu asitafute kupendwa naye.)

Aliyejaribu kuvuka mlango huo kwa hoja ni Ibn Sina, mwanafalsafa Mwislamu aliyefariki 1037. Alianza na kile ambacho lazima kiwepo, akaenda hatua kwa hatua hadi kusema kinajua. Ila kinajuaje? Kwa namna ya jumla, alisema, si kwa kumjua kila mmoja kama yeye. Al-Ghazali, mwanazuoni wa Kiislamu aliyekuja baadaye, akambana hapohapo: mjuzi asiyemjua mtu fulani, tuseme anaitwa Zayd, kama Zayd mwenyewe, atajuaje kama Zayd ametii au ameasi?

Swali hilo ndilo ningeanza nalo, kabla ya hili la fahamu.